Kipepeo wa Kilio

Watu wengi hawana habari na kipepeo wa usiku. Wanasema "kadudu kameingia," wanachukua ufagio, paa! Kazi imekwisha. Mimi siwezi. Nikimwona mmoja ameshika ukuta, lazima nisimame niangalie mabawa yake kwanza, hata kama sufuria inaungua jikoni. Wajukuu wangu wananicheka. Wacheke tu. Wao hawakulelewa katika nyumba yetu kule Baraka, kando ya ziwa.

Katika ukoo wa baba yangu, mtu akipotea na maiti yake isionekane, ziwa limemmeza au pori limemficha, hakuna ruhusa ya kumlia. Kumlia mtu ambaye hajaonekana ni kumwita afe, walisema. Kwa hiyo wanangoja kipepeo. Siyo kipepeo yeyote, jamani. Ni yule mkubwa, upana wa kiganja cha mtu mzima, rangi ya kahawa iliyokaangwa, mwenye jicho kwenye kila bawa la mbele, jicho kabisa, na mboni yake. Halafu ana mstari mweupe unaoshuka kutoka bawa la mbele mpaka la nyuma, kulia na kushoto, bila kukatika. Huyo akishika ukuta wa nyumba ya aliyepotea, amekuja kuaga. Kilio kinafunguliwa.

Shida ni kwamba ana ndugu yake anayefanana naye sana. Macho yapo, rangi ni ile ile, ukubwa ni ule ule, ila mstari hana, au anao kivuli tu cha mstari. Huyo si kitu. Huyo ni mdudu wa chooni. Na wa kutambua yupi ni yupi ni mtu mmoja tu: dada wa aliyepotea, wakati wa mchana, mlango ukiwa wazi, mikono yake ameiweka nyuma. Kumgusa ni mwiko. Anayemgusa, walisema, amekichukua kifo kwa mkono wake mwenyewe.

Tulikuwa Wakatoliki, misa kila Jumapili, rozari jioni. Padri angesikia mambo haya angetugombeza mpaka jasho limtoke. Basi hakuna aliyemwambia.

Baba alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa kwetu. Alivua upande wa Ubwari pamoja na mwenzake mmoja, na dhoruba ikawakuta huko. Mwenzake alitupwa ufukoni, wakamzika. Mtumbwi ulipatikana umelala tumbo juu. Baba hakupatikana. Watu wa Ubwari walitafuta, jamaa zetu walitafuta, wapi! Ziwa likinyamaza limenyamaza.

Mimi nilikuwa msichana wa kama miaka kumi, na mdogo wangu alikuwa bado anabebwa. Hata kwa umri ule nilijua mama anaogopa nini, maana shangazi yangu hakuwa mtu wa kunong'ona. Kilio kikifunguliwa, baada yake kuna kikao cha ukoo. Watoto kwetu ni wa ukoo wa baba. Mimi na mdogo wangu tungechukuliwa tukakae Mboko kwa shangazi. Mama angeambiwa achague: arithiwe na mdogo wa baba, wa mama mwingine, mlevi, mwenye wake wengine na mkono mwepesi wa kupiga, au arudi kwao juu Fizi mikono mitupu, kama alivyokuja. Ndiyo maana kipepeo mmoja alikuwa kitu kikubwa nyumbani kwetu. Mstari ukiwepo, mama hana mume wala watoto. Mstari usipokuwepo, tunaendelea.

Shangazi huyo alikuwa dada mkubwa wa baba. Mama yao alikufa baba akiwa mchanga, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamlea kwa uji. Alikuwa mrefu, sauti nzito, anauza muhogo kando ya barabara huko Mboko na hakuna aliyethubutu kumpunja. Mama alimwita "shangazi" kama sisi, kwa heshima. Kiangazi cha kwanza baada ya baba kupotea, majira ambayo vipepeo wale huingia nyumbani, shangazi alishuka kwenye lori ya pamba, akaweka mzigo wake mlangoni, akasema:

"Nimekuja kungoja mudogo yangu."

Akangoja kweli. Alikaa kwenye mkeka akitazama kuta kama mtu anayetazama barabara.

Asubuhi moja alikwenda ziwani kuoga. Mimi nilikuwa nafagia. Nilivuta mlango nifagie nyuma yake, na huyo hapo, ametandaza mabawa kwenye udongo.

"Mama! Kuja uone!"

Mama alikuja na mikono yenye unga wa muhogo. Alitazama jicho la kushoto, akatazama la kulia, kisha akatazama mstari. Ulikuwepo, Mungu wangu. Mweupe, umenyooka, hata kipofu asingebisha. Uso wa mama ulikauka.

"Shangazi ameona?"

"Hapana. Iko anaoga."

"Funga mulango."

Nilifunga. Mama akalamba kidole gumba. Akamfunika yule kipepeo kwa kiganja cha mkono wa pili, taratibu, kama mtu anayekamata kifaranga, akamwachia nafasi ya bawa moja, akasugua. Unga wa bawa ukatoka. Akageuza kiganja, akasugua la pili. Kipepeo alitetemeka mkononi mwake, na nilisikia mabawa yanavyopiga ngozi. Alipoachiwa aliruka, akagonga nyasi za paa, akarudi kushika ukuta pale pale, mjinga yule. Mstari ulikuwa umebaki doa la kijivu tu.

"Mama, umemugusa," nikasema. Nilianza kulia kwa hofu. "Banasema utakufa."

"Mi nitakufa siku Mungu anataka. Nyamaza. Na kama unataka kulia, enda kule jikoni, ulie juu ya moshi."

Nikaenda jikoni, nikalia, nikausingizia moshi.

Shangazi alirudi, kikwembe alichojifunga bado kina maji. Mama akamwambia kuna kitu nyuma ya mlango. Shangazi akafungua mlango mpaka mwisho, mwanga ukaingia, akaweka mikono nyuma na kuinama.

"Jicho iko," akasema. "Rangi iko. Mustari..."

Akasogea mpaka pumzi yake ikayatikisa mabawa.  Halafu akageuka kumwangalia mama, ambaye alikuwa amerudi kwenye kinu chake anatwanga kana kwamba hakuna jambo lolote duniani isipokuwa muhogo.

"Haiko yeye," shangazi akasema. Yaani siye.

Akaketi kwenye mkeka, mabega yakamshuka. Nilidhani ni uchungu wa kungoja bure. Kesho yake akapanda lori, akarudi Mboko.

Miaka iliyofuata ikawa hivyo. Kiangazi kikiingia, mama anaamka kabla yetu, anazunguka kuta, anatazama nyuma ya mtungi, nyuma ya nyavu za baba ambazo hakukubali ziuzwe. Akimkuta asiye na mstari, anamwacha. Akimkuta mwenye mstari, analamba kidole. Shangazi anakuja, anainama, anasema haiko yeye, anaondoka. Nilijua kuwatofautisha vipepeo wale kuliko nilivyojua katekisimu. Sikujivunia hilo. Nilikuwa nachukia kiangazi.

Na maisha ya mama yalikuwa ya namna gani? Msiniulize! Hakuwa mjane, hakuwa mke. Kwenye harusi, wake za watu wanakaa upande wao, wajane upande wao, yeye anasimama kwenye sufuria apakue chakula asiulizwe anakaa wapi. Wanaume walimkwepa kwa sababu ni mke wa mtu, na wanawake walimkwepa kwa sababu hana mtu. Mtu mmoja akaja na habari kwamba baba ameonekana Lulimba, anachimba dhahabu, amefuga ndevu. Yo! Mama hakula siku ile. Alitafuta nafasi kwenye lori, akapanda Fizi, akashuka mpaka Lulimba, akauliza kambi kwa kambi. Alimkuta mtu mwenye jina moja na baba, mfupi, tena meno ya mbele hana. Yule mtu alimhurumia, akampa maji ya kunywa. Mama alirudi akasema tu, "Haiko yeye," kama shangazi, akashika jembe.

Sasa sikilizeni jambo la moniteri.

Pamba ilikuwa kazi ya lazima enzi zile za Wabelgiji. Kila nyumba na shamba lake, na moniteri, msimamizi wa kilimo, anapita kukagua: umepalilia? umechoma mabua ya zamani? Tulimwogopa kuliko mamba. Siku moja tairi ya baiskeli yake ilipasuka karibu na kwetu. Alikuwa anapeleka Fizi sanduku la bosi wake, muzungu wa pamba, ambaye alikuwa anakusanya wadudu. Alikaa kwenye baraza letu akaziba tairi, kisha akafungua sanduku kuona kama vitu vimevunjika.

Nilichungulia. Nikapiga kelele.

Walikuwa humo wengi, wamepangwa safu kwa safu, kila mmoja amechomwa sindano mgongoni. Yule wa kwetu, mwenye macho na mstari, safu nzima! Na chini yake safu ya ndugu yake asiye na mstari.

"Unaogopa nini?" moniteri akacheka. "Huyu haina mubaya. Haikule pamba. Funza yake inakula majani ya miti ya miiba, basi." Akainama akasoma karatasi ndogo iliyobandikwa, polepole, akijisikia kidogo: "Cyligramma latona. Ni Kilatini."

Kilatini, kama misa! 

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha maji aliyomletea mgeni. Hakukitoa.

"Inapatikana wapi?" akauliza.

"Kila fasi, mama. Uvira, Kasai, Katanga, kule ngambo kwa Baingereza mupaka kwenye bahari. Muzungu anasema Afrika yote yenye kuwa na joto. Muchana inatafuta fasi ya giza, inalala. Ni vile tu."

"Inaingia mu nyumba ya kila muntu?"

"Ya kila muntu."

"Hata nyumba yenye hakuna mufu?"

Moniteri akacheka tena, si kwa ubaya. "Mama, kipepeo itajua mufu namna gani?"

Alikunywa maji, akashukuru, akaenda zake. Mimi nilikuwa na furaha, nakwambia, moyo ulikuwa unaruka. Nilidhani tumefunguliwa kamba. Nikamshika mama mkono.

"Unaona, mama? Ni mududu tu. Haina maana yoyote!"

Mama alikaa pale alipokuwa amekaa moniteri.

"Kama haina maana," akasema, "basi kuja yake haikusema baba yako alikufa. Na mi kufuta haikusema iko muzima. Mi nilikuwa nafuta nini miaka yote hii?"

Niliketi karibu naye. 

"Alikufa siku ile ya dhoruba," mama akasema. "Minajua. Nilijua siku mutumbwi ilionekana. Niko na machozi mingi humu ndani, mwanangu, na sina fasi ya kuiweka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno hilo, alikufa. Alilisema kwa sauti ya chini, kisha akatazama huku na huku kama ameiba.

Kufikia wakati huo hakuna aliyeweza kumnyang'anya kitu. Mimi nilikuwa nimeshaposwa hapo hapo Baraka. Mdogo wangu alikuwa shule ya misheni. Yule mlevi aliyetaka kumrithi alikwenda Katanga kutafuta kazi akapotelea huko kwa wanawake. Mama hakuwa na sababu tena ya kulamba kidole. Alitaka jambo moja tu: afunguliwe kilio, avue kitambaa, akae chini, alie kama wanawake wengine wanavyolia, watu waje na unga na kuni, waimbe, wamalize, kisha aitwe mjane na aishi. Moniteri na Kilatini chake hawakuweza kumpa hicho. Aliyeweza ni dada wa baba peke yake, na dada hakuwa na njia nyingine isipokuwa kipepeo.

Kiangazi kikaja, na kipepeo akaja. Alishika ukuta juu ya nyavu. Mama alimtazama, hakumgusa. Akamwambia dereva wa lori amwite shangazi Mboko. Tukafagia uwanja. Majirani wakanusa jambo, wakaanza kusogea mmoja mmoja, na mama alikuwa ameshalegeza fundo la kitambaa cha kichwa.

Shangazi alishuka kwenye lori akishikwa mkono. Alikuwa amezeeka ghafla. Akafungua mlango, akaweka mikono nyuma, akainama. Wote tulikuwa mlangoni. Wote tuliona. Mstari ulikuwa mweupe pe!

"Jicho iko," shangazi akasema. "Rangi iko."

Akainuka, mikono bado nyuma.

"Haiko yeye."

Minong'ono ikapita uwanjani. Mama akasogea mbele.

"Shangazi, angalia muzuri. Mustari iko."

"Hakuna."

"Iko! Angalia, inatoka hapa, inafika hapa. Watu bote banaona!"

"We ni nani wa kusoma mustari? Mi ni dada yake. Nimesema haiko yeye."

Hapo mama akapiga magoti. Mbele ya majirani, mama yangu aliyekuwa haombi hata chumvi.

"Shangazi, nisamehe. Ile ya kwanza, mustari ilikuwako. Nilifuta na hii kidole. Na zile zingine. Mi nilikudanganya. Leo sikugusa. Minaomba, fungua kilio. Acha nilie bwana yangu."

"Minajua ulifuta," shangazi akasema.

"Uliona?"

"Niliona vumbi kwa kidole yako, ile siku ya kwanza. Nikamushukuru Mungu." Sauti yake nzito ilikuwa imekwaruza. "Ule mutoto nilimubeba mugongoni. Nilimutafunia chakula kwa meno yangu. Unataka nifungue hii kinywa niseme alikufa? Mi sitasema. Omba kitu ingine. Ngoja."

"Nimengoja."

"Ngoja tena."

Akapita katikati yetu, akaenda kusimama barabarani chini ya jua mpaka lori ilipogeuza. Hakula kwetu, hakunywa hata maji.

Nilimchukia. Nasema wazi, sifichi. Wazee wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini matumbo yaliyoumia hayakuwa yake, yalikuwa ya mama. Yeye alikuwa amemweka ndugu yake hai kwa gharama ya mtu mwingine. Majirani waliondoka wakitazama chini. Mama alibaki amepiga magoti kidogo, halafu akainuka, akakaza kitambaa chake, akaniuliza kama maharagwe yameiva. Kesho yake tulikwenda kuchuma pamba.

Hakuomba tena. Wala hakuzunguka kuta tena. Nilipoolewa alinisindikiza akicheka na kila mtu, na ukimwangalia vizuri ungeona macho makavu kabisa. Machozi aliyosema yako ndani sikuwahi kuyaona.

Alikufa mwaka ule watu walipoanza kusema habari za uhuru sokoni Baraka. Ilikuwa homa. Wapo waliosema ni kile kidole. Wapumbavu hawakosekani kwenye msiba.

Safari hii maiti ilikuwepo, kwa hiyo hakukuwa na cha kungoja. Kilio kilifunguliwa asubuhi ile ile. Watu walijaa, kuni zikaja, unga ukaja, padri akabariki kaburi. Tulipokuwa tunatupa udongo wa mwisho, shangazi akafika kutoka Mboko, anashikiliwa na wanawake wawili, mifupa mitupu. Watu wakampisha. Aliwaponyoka waliomshika, akaanguka juu ya kile kichuguu cha udongo, akakikumbatia, na sauti ile ya zamani ikamtoka, yote.

Alikuwa anamwita ndugu yake, baba yangu. Siyo jina la ubatizo. Lile jina dogo la utotoni, la kumbembelezea mgongoni. Alimwita, akamweleza kwamba maji yalikuwa baridi, kwamba hakuwepo kumshika, kwamba alijua, alijua, alijua tangu siku ile. Wanawake walianza kuniangalia. Kilio kilikuwa cha mama, na mimi ni binti, ilikuwa juu yangu kumwinua.

Nilikwenda nimwinue. Niliinama, nikamshika mabega, na jina la baba likanitoka na mimi. Mdogo wangu akafuata. Kisha uwanja mzima, maana wote walikuwa wamelidai ziwa mtu huyo miaka yote hiyo bila ruhusa ya kumtaja. Tulimlia baba mpaka jua likazama, juu ya kaburi la mama, na siku ile hakuna aliyemlia mama.